Wacera Wawili Kwenye Diski Moja

Ijumaa asubuhi, na Murugi Ngatia hathubutu kugeuka. Nyuma yake, kwenye benchi, Mzee Kingori wa Endarasha amepakata kofia yake, anangoja wasifu wa mama yake uchapishwe. Mazishi ni kesho.

Murugi amefungua faili iitwayo WACERA, jina la marehemu. Skrini inasema: "Karibuni kwenye arusi."



Murugi ana ofisi ya kuchapa karibu na soko la Nyeri. Mwaka jana, 1997, aliiacha taipureta akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika Nairobi. Wenyewe wa kwanza walikuwa wameigawa diski yake sehemu mbili, C na D, kama shamba la ndugu wawili. C, zinakokaa programu, imejaa pomoni. D ina nafasi tele, lakini nafasi yake haimfai C. Ndugu ndio hao!

"Hii C inanitesa," husema. "Kila siku ati imejaa. Na sasa watu wanataka picha kwa eulogy ya marehemu. Picha moja inakula nafasi kama ng'ombe."

Fundi alimwambia mpaka wa C na D unaweza kusogezwa, ila huenda kila kitu kikafutika. Murugi alikataa katakata.

"Kwetu mpaka ya shamba inapandwa itoka," husema, akitaja yungiyungi la mpakani. "Ukiing'oa, unapata laana."

Badala yake, huhamisha kazi za zamani kutoka C kwenda D. Jana Mzee Kingori alimsimulia maisha ya mama yake kwa mdomo, akifuta machozi, na Murugi akayahifadhi D kwa jina la marehemu. Leo, akitafuta nafasi ya picha, amehamisha kadi za arusi za binti wa kwanza wa mzee huyo huyo. Naye, kama ilivyo desturi, ni Wacera, jina la nyanya yake, na faili yake pia iliitwa WACERA.

Kompyuta iliuliza: faili ya jina hili ipo, niibadilishe? Murugi, haraka haraka, akabonyeza ndiyo. Mjukuu akamfuta nyanya yake.

Haraka haraka haina baraka, lakini methali hairudishi faili. Anageuka.

"Mzee, maneno ya mama imepotea. Ni mimi nimekosea."

"Imepotea ikaenda wapi?"

"Wacera wa arusi ameingia mahali ya Wacera wa mazishi."

Mzee Kingori anaitazama skrini, anasoma jina la binti yake. Murugi anaona aibu na hofu. Amemlazimisha mtu kumlilia mama yake mara mbili. Mzee anavuta benchi mpaka kwenye meza.

"Basi andika tena, msichana wangu. Na jana niliogopa kusema alikuwa mkali. Andika alikuwa mkali sana."

Murugi anaandika.

Anapanga kununua diski ya pili kabla ya Krismasi. Kuanzia leo kila faili itabeba jina la mtu, la kwao na la shughuli. Bado hana amani.

"Mama yangu ako hai, na msichana wangu wa pili ako na jina yake," anasema. "Sitaki siku moja hii mashini iniulize nibakishe nani."