Siku Lucian Alipomwita Pazi Ndugu

Miguu ya Pazi ilipooza alipokuwa mtoto, akakua akitambaa. Alipofika Lucian, Mnyamwezi aliyekuja Kisarawe kukata mkonge, Pazi akaacha kutambaa. Alipanda mgongoni kwake. Lucian alikuwa na nguvu za watu wawili, lakini akili yake ilikwenda taratibu. Akiachwa peke yake, hata njia ya kisimani ilimpotea. Basi mmoja alitembea, mwingine akaelekeza, na wakaishi nyumba moja kijijini Msimbu kwa miaka mingi.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na hawa wawili hawakupumzika kutaniana.

"Kata kulia, Mnyamwezi! Babu zako walibeba meno ya tembo hadi pwani, wewe mtu mmoja anakushinda?"

"Meno ya tembo hayapigi kelele. Nyamaza, gunia wewe, nisije nikakutupa kisimani."

Mama yangu alikuwa jirani yao. Anasema malori yalipokuja mwaka 1974 kuwahamishia watu kwenye kijiji cha ujamaa, Pazi aliogopa jambo moja tu: kutenganishwa na Lucian.

Bwana aliyesimamia uhamisho alikuwa mgeni, na mpole. Akamsikia Lucian akisema, "Kaa hapo, kiwete, nikachukue sufuria."

"Ndugu! Unamtukana mlemavu?" Yule bwana alishtuka. "Binadamu wote ni ndugu!"

Watu wakacheka, wakidhani na yeye anatania. Hakuwa anatania. Aliamuru Pazi apandishwe lori la mbele pamoja na wazee, Lucian apande la nyuma, na huko waendako wasipewe nyumba moja.

Lucian alisimama akifikiri. Mwishowe akalisogelea lori la mbele, alimopakiwa Pazi, mikono kifuani.

"Naomba unisamehe, Ndugu Pazi."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Biasha, shangazi yake Pazi, alishika kichwa. "Jamani! Mtani akikuheshimu, si amekuacha huyo?"

Pazi alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. "Umeniitaje?"

"Ndugu Pazi."

"Vizuri sana," alisema yule bwana. "Sasa nenda lori lako."

Injini ikawaka. Pazi akajivuta kwa mikono hadi ukingoni mwa bodi, akajiachia. Alianguka kifudifudi, puu! Wanawake wakapiga yowe.

"Kiwete mpumbavu!" Lucian alikuja mbio, akamwinua, machozi yakimtoka. "Mzaramo usiye na haya! Ukifa nani ataniambia njia?"

Pazi alitema mchanga na damu. "Geuka, Mnyamwezi, nipande."

 Dereva wa lori la mbele hakungoja amri ya yule bwana. Alizima injini, akashuka, akafungua bodi. Waliokuwa ndani wakasogeleana, na Lucian akapanda na mzigo wake mgongoni, bado anatukana.