Mkono Ulioota Kidole

Shangazi yangu hakuwa na dini, na alilisema jambo hilo jinsi wengine wanavyosema hawaweki sukari kwenye chai. Kijiji chetu kipya cha ujamaa, mwendo wa asubuhi moja kutoka Mkiwa, kilikuwa na kanisa upande mmoja na msikiti upande wa pili. Krismasi alikula huku, Idi akala kule, na kote alibaki kuosha masufuria.

Mwaka wa pili tangu tuhamie, mkutano ulitafuta mtu wa kutunza mbegu za mtama za kijiji kizima. Zilikaa kwenye kihenge kimoja kikubwa. Mdomo wake ulisiribwa kwa samadi mbichi na majivu, kisha mtunzaji akapiga kiganja chake juu kabla haijakauka. Ukifungua, alama inavunjika. Karibu wote walimtaka shangazi, mpaka mzee mmoja wa kanisani kwetu akasimama.

"Mama huyu simkatai. Lakini asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani?"

Nilikuwa mwalimu kijana, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na nilidhani dawa ninayo. Nikamnong'oneza, "Shangazi, sema tu unaamini."

Akanijibu kwa sauti ya mkutano mzima: "Nikidanganya ili nipewe mbegu, mtakuwa mmempa mbegu mwongo."

Watu wakacheka, wakampa. Ila ili kumridhisha mzee, wakaniteua mimi, mwenye dini, niwe nikimwangalia. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kabla ya mvua vyakula vilipungua kila nyumba. Ndipo wanakwaya wa Kinampanda wakatuma habari kwamba wanakuja, na wenyeji wao ni sisi. Debe langu la unga lilikuwa tupu. Aibu ya kulaza wageni na njaa siiwezi hadi leo. Shangazi alipokwenda kisimani nikafungua kihenge, nikachota mabakuli mawili, nikasiriba upya kwa ustadi, nikapiga kiganja. Jioni nikatubu, nikajisikia nimesamehewa, nikala vizuri.

Kilichonipita ni kwamba mkono wa kulia wa shangazi ulikuwa na vidole vinne. Kile kidogo kilikatwa na shoka kabla sijazaliwa. Nimelishwa na mkono ule tangu utoto, na sikukumbuka!

Asubuhi aliniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu njoo uone, mkono wangu umeota kidole."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia nimeshatubu.

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Alikuwa na mbegu humu?"

Nikamsihi. Mabakuli mawili tu, na hakuna anayejua.

"Mimi najua. Wewe unajua. Tayari tuko wengi." Akanawa mikono. "Mkutano ni keshokutwa. Utasema mwenyewe. Usiposema, nitawarudishia kazi yao, maana siwezi kuwaambia mbegu zimetimia."

Nilimfahamu, asingewatajia sababu. Angeondoka amebeba aibu yangu, na yule mzee angesema, "Si niliwaambia?" Siku mbili zile nilimchukia, nikajichukia zaidi.

Nilisimama mkutanoni, nikasema yote, mabakuli, kiganja na wageni. Wakacheka kidole mpaka wengine wakashika mbavu, kisha wakanipa adhabu ya kulima peke yangu kipande cha shamba la kijiji. Yule mzee hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, hakuna aliyekushtaki. Ulimwogopa nani?"

Nilitafuta aya, haikuja. Nikasema ukweli: "Shangazi."

Kicheko kikaanza upya. Nilidhani nimemsifu, lakini njiani kurudi nyumbani alitembea amekunja uso.

"Kumbe hukuelewa kitu," alisema. "Paka akitoka, panya hutawala. Wewe ni panya? Na siku nikifa?"

Nikamwambia hatakufa karibuni. Akacheka, tukaenda kupika.

Alikufa miaka mingi iliyopita, bila dini, na kanisa na msikiti wote walikuja kumzika. Mimi bado nasali. Tangu siku ile nimetunza vitu vingi vya watu, na mara nyingi nimekuwa peke yangu navyo. Mkono wangu una vidole vitano, na hakuna tena anayekuja asubuhi kuvihesabu.