Farasi Aliyengoja Salamu

Tangu aanguke na mguu wa kulia umkatalie, baba alikuwa hajaliona shamba lake la bondeni, hapa Kalenga. Mtu aliyelima maisha yake yote ukimweka ndani anaanza kufia mdomoni: anagombana na chai, anagombana na redio, anagombana na mimi. Kwa hiyo jirani yetu mfugaji alipohamia Mbeya na kumwachia baba farasi wake mzee, sikukataa. Baba alitunza farasi ujanani na alijua kupanda. Shida ilikuwa moja tu. Yule farasi alisimama akifungwa. Ukimfungua ukainua mguu umpande, anaondoka. Shambani lipo jiwe la kupandia wakati wa kurudi, ila hakuna mti wala nguzo ya kumfungia, na baba akianguka mara ya pili hatainuka.

Nikajipa kazi ya kumfundisha. Mimi si mtu wa subira. Nilimpa pumba, nikamkemea, nikamvuta. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Siku moja nikiwa naye njiani nilikutana na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, akitoka kanisani. Kwetu mkubwa husalimiwa kwa goti lililokunjwa na mikono yote miwili, na mikono miwili haiwezi kushika kamba. Nikaiachia.

“Kamwene, mama mkubwa.”

“Kamwene, mwanangu. Mmeamkaje? Baba anaendeleaje na huo mguu? Mahindi je? Ng'ombe kazaa?”

Salamu za kwetu hazina haraka. Nilijibu moja baada ya nyingine, nikijua farasi ameshafika mtoni. Nilipogeuka alikuwa pale pale, amelegeza masikio. Tulipoagana tu, akaanza kutembea.

Hapo udadisi ukanishika. Alisikia nini? Kesho yake nikamsalimu farasi mwenyewe, goti na mikono, nikamwuliza habari zote za kwao. Akasimama. Nikamsalimu harakaharaka nikiwa wima, akaondoka. Nikakunja goti bila kusema neno, akasimama. Kumbe maneno hayakuwa kitu. Alikuwa anangoja mtu atulie, na mimi kutwa nzima hutulia wakati wa salamu tu. Jambo hilo liliniuma kidogo, kisha nikacheka.

Nikamweleza baba. Akaweka kikombe chini.

“Mimi ndiye nianze kumsalimu?”

“Ndiyo, baba.”

“Kwani ana umri gani?”

Mdogo ndiye huanza, na baba hakuwa tayari kuvunja desturi kwa ajili ya mnyama. Nilimtandika farasi, nikamtoa kamba, nikamsogeza kwenye ngazi za baraza. Baba akasimama juu, fimbo mkononi, uso umekaza, akisubiri kuamkiwa. Farasi akaondoka. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nilikasirika, nikaingia ndani nisije nikamkosea adabu mzee wangu.

Farasi akarudi mwenyewe kutafuta pumba. Nikawachungulia dirishani. Baba alikuwa amechoka kusimama, ameegemea nguzo, mabega yameshuka. Farasi akainamisha kichwa taratibu mpaka karibu na magoti yake mwenyewe, kama farasi afanyavyo akistarehe.

“Marahaba,” baba akasema. “Hujambo? Wa kwenu wazima?”

Akaendelea hivyo, polepole, habari za mvua, habari za nyasi, na katikati ya habari za nyasi akapitisha mguu mbovu juu ya tandiko. Farasi hakusogea hata kidogo. Nikatoka mbio.

“Nakusindikiza, baba.”

“Unisindikize wapi? Nakwenda shambani kwangu.”

Nikabaki kwenye ngazi. Niliogopa sana, na tangu mama afariki sikuwa nimemwona baba ana raha namna ile. Alishuka bondeni bila kugeuka nyuma hata mara moja, na sikumfuata.