Nilimzuia Mjukuu Wangu Kwenda Darasa la Nesi

Kosa ni langu. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno. Si la shetani, si la jirani mwenye kijicho, si la zahanati. Ni langu mimi, bibi mzima mwenye mvi!

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu mtauvumilia. Majina nimeyabadili. Mjukuu wangu nitamwita Skola na mumewe nitamwita Deo. Mimi sina haja ya jina. Huku kwetu milimani Uluguru wakisoma watanijua tu. Na wanijue.

Skola nimemlea mwenyewe. Mama yake, ambaye ni binti yangu, alifariki mtoto hajaota hata jino. Nilimbeba mgongoni nikipalilia njegere. Alipovunja ungo nikamweka ndani, nikamcheza mwali mimi mwenyewe, maana mimi ni kungwi. Mabinti wa kijiji hiki wamekaa mbele yangu kwenye mkeka wakafundwa. Nikikohoa tu, wananyamaza.

Alipoolewa, Deo alihamia kwetu. Sisi Waluguru wa huku ndivyo tulivyo, shamba linapita kwa mama, mwanaume anakuja kulima kwa mkewe. Kijana mpole yule. Akinisalimia anachuchumaa na macho yapo chini. "Shikamoo bibi." Nami namjibu kwa mbali, maana mkwe ni mkwe.

Skola akapata mimba. Nilifurahi jamani, nilifurahi mpaka nikajificha jikoni nilie.

Mwezi ule ule zahanati ya kule bondeni ikaanzisha darasa la wajawazito, kila Jumatano. Kupima uzito na kuchomwa sindano sikukataza, kliniki tumeizoea. Lakini darasa? La kufundishwa kuzaa? Na kijijini nipo mimi?

Akaenda mara ya kwanza. Akaenda mara ya pili, akarudi anacheka.

"Bibi, leo tumefundishwa kupumua!"

"Kupumua? Siku zote ulikuwa unafanya nini?"

"Kupumua wakati wa uchungu, bibi. Nesi anasema..."

"Huyo nesi amezaa wangapi?"

"Bado hajazaa."

"Ehe! Mimi nimezaa saba. Hakuna aliyenifundisha kupumua, na wote walitoka."

Alicheka, nami nikacheka. Ila maneno yale yaliniwasha kama pilipili. Kutwa nzima ikawa nesi anasema hiki, nesi anasema kile. Kula mboga hizi, lala ubavu huu. Mtoto niliyemfunda mimi ameniletea mwalimu mwingine nyumbani kwangu!

Wiki ile Skola akasema wameambiwa Jumatano inayofuata waende na waume zao. Halafu kila mmoja aandae begi la kujifungulia, na nguo za mtoto ziwe tayari.

Hapo nikasimama. Nguo za mtoto ambaye hajazaliwa? Kwetu huo ni mkosi. Na wanaume wakae benchi moja na wanawake wakisikiliza habari za uzazi! Nikamwambia, "Skola, chagua mwalimu. Mimi au yule. Ukienda Jumatano, na leba utaingia na nesi wako, mimi usinitafute."

Alikaa akachambua maharage, machozi yanadondokea kwenye ungo. Jumatano hakuenda.

Mimi nikaona nimeshinda. Mjinga mimi!

Deo akaenda peke yake. Mwanaume mmoja, hana mke pembeni, kakaa kwenye benchi la wajawazito na daftari. Kijiji kizima kilicheka. Pale bombani wanawake wakawa wanamwita, "Deo, wewe una miezi mingapi?" "Deo, mtoto anacheza?" Naye anacheka nao, anajaza ndoo yake, anaondoka. Mimi sikucheka. Niliona amenivua nguo hadharani.

Jioni ile akaja mpaka mlangoni kwangu, akachuchumaa.

"Bibi, naomba kusema. Nesi amesema mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikamuuma sana, macho yakaona nyota, hiyo ni hatari. Asikae nyumbani hata saa moja. Na Skola naona miguu..."

"Mkwe!" nikamkata. "Unazungumza na mimi habari za mwili wa mjukuu wangu? Kwenu mlifundishwa hivyo?"

Akainamisha kichwa zaidi.

"Hapa umekuja kwa mkeo. Nyumba si yako, shamba si lako, na mimba hii haina mwalimu zaidi yangu. Nyanyuka."

Akanyanyuka. "Nisamehe bibi," akasema, akaondoka kinyumenyume kwa adabu. Adabu ile ndiyo niliyomfungia nayo mdomo. Nilijua hawezi kunijibu. Nilijua kabisa!

Miguu ya Skola ilikuwa imevimba kweli. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikawaambia majirani mtoto ni mkubwa, ana maji mengi. Uso nao ukajaa, nikasema amenawiri. Nilikuwa na jibu la kila kitu mimi.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi. Tulikuwa shambani tunachuma njegere za kupeleka sokoni mjini. Skola akaketi kwenye tuta.

"Bibi, kichwa kinapasuka. Naona vimulimuli."

Vimulimuli! Jua limewaka!

Maneno ya Deo yaliniingia kichwani pale pale. Sitaki kudanganya kwenye ungamo. Niliyakumbuka neno kwa neno, hatari, asikae nyumbani hata saa moja. Na nikasema moyoni, nikimpeleka sasa, yule nesi atakuwa amesema kweli na mimi nitakuwa nimesema uongo mbele ya kijiji.

Nikamrudisha nyumbani. Nikamfunga majani ya baridi kwenye paji la uso, nikamlaza.

Deo akarudi kutoka kukata kuni. Alipomwona mkewe uso umejaa vile, akaja mlangoni. Safari hii hakuchuchumaa.

"Bibi, twende hospitali."

"Amelala. Akiamka atakuwa mzima."

"Bibi, nakuomba."

"Nimesema amelala!"

Akakaa nje, mikono kichwani. Akasimama. Akakaa tena. Yote hayo kwa kuniheshimu mimi. Jua likapanda mpaka utosini.

Saa sita mchana Skola akaanza kukakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Nikapiga kelele. Deo akanipita mlangoni kwa bega, akamwona mkewe, akatoka mbio. Akaenda nyuma ya migomba akatoa machela, miti miwili na blanketi, imefungwa vizuri kabisa. Akapiga simu, na kabla sijajifunga kanga sawasawa vijana wanne walikuwa uani. Kumbe alishawaomba wiki nyingi nyuma! Kumbe alishaongea na mwenye gari kule barabarani! Darasani waliwaambia wanaokaa mlimani wapange mapema nani atabeba na gari litatoka wapi. Yeye alipanga, kimya kimya, kwa kunificha mimi.

"Bibi, twende," akasema. "Atakutafuta akizinduka."

Mnajua nilimjibu nini? Nilisema, "Mmembeba nusu uchi mbele ya wanaume, na aibu hiyo nibebe mimi? Nendeni na nesi wenu."

Nikabaki. Nikawaangalia wanateremka, machela inayumba kwenye kona, mpaka wakamezwa na migomba. Hofu yote ile, bado kiburi kilikuwa na nguvu kuliko miguu yangu.

Walifika barabarani baada ya mwendo mrefu, wakapata gari mpaka hospitali mjini. Skola walimwokoa. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni. Wa kike. Daktari alimuuliza Deo swali moja tu, dalili zilianza lini. Deo akasema asubuhi. Hakunitaja.

Tulimzika kitukuu changu juu kidogo ya shamba la njegere. Skola alirudi, akakaa kitandani kwake siku nyingi. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Alisema tu, "Asante bibi," kila nilipompa uji, kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Baadaye wakafunga mizigo. Wakahamia upande wa Kingolwira, kwa ndugu zake Deo. Mtoto wa kike wa kwetu, mwenye shamba lake la mama yake, ameondoka kwao! Kwetu jambo hilo linasemwa kwa sauti ya chini.

Siku moja nafagia chumba chao nikakuta mfuko chini ya gunia la maharage. Ndani kulikuwa na kanga mbili safi, glovu, wembe mpya kwenye karatasi yake, na vinguo viwili vya mtoto, vidogo hivi, vimekunjwa. Alikuwa anaandaa kwa siri, mwanangu. Na chini kabisa karatasi ya lile darasa, yenye mistari ya kujaza. Nasoma polepole mimi. Wabebaji, majina manne. Gari, jina na namba. Halafu mstari wa mwisho: Mtu ninayemwamini atakayenisindikiza.

Ameandika: Bibi.

Nilikaa chini na ule ufagio. Mtoto alinichagua mimi! Hakuwahi kuchagua nesi. Darasa lile halikuwa limeninyang'anya kitu, liliniwekea nafasi, nami sikwenda.

Nimejificha nyuma ya mila muda mrefu. Leo nasema wazi: haikuwa mila. Ulikuwa wivu. Niliogopa kuonekana sijui.

Juzi mama mmoja wa huko Kingolwira anayeuza karoti sokoni kaniambia, bila kujua ananichoma, "Hongera, mjukuu wako mjamzito tena. Nawaona yeye na mumewe kila wiki wanaenda darasani." Nikasema asante. Mimi mwenyewe sijaambiwa, na sistahili kuambiwa.

Bibi mwenzangu, mama mkwe, kungwi, wewe unayesoma ukiguna! Binti akisema anakwenda darasa la wajawazito, mfungie chakula aende nacho. Mkwe akifungua mdomo kusema mkewe anaumwa, weka heshima pembeni umsikilize. Na kama kuna nafasi kwenye benchi, nenda na wewe ukakae, hata kama umezaa kumi.

Karatasi ile ninayo. Nimejaribu kuirudisha kwenye mfuko, nimeshindwa. Kila nikiikunjua, jina langu bado lipo pale kwenye mstari wa mwisho, linangoja nimsindikize.