Duara Nyuma ya Kaunta

Baba alipofariki, mama aliacha kupita sebuleni. Hakumtangazia mtu. Chumba chake kina mlango wa nje, basi akitaka kwenda jikoni alitokea huko, akazunguka nyumba nzima juani, akaingilia mlango wa nyuma. Wageni aliwapokea barazani. Sisi tunakaa Chang'ombe ya Dodoma, nyumba zimebanana, na majirani waliuona mzunguko huo kila siku wakawa na adabu ya kutouliza. Mimi sina adabu hiyo, nikauliza. Akasema sebuleni kuna joto.

Nilijua kinachomfukuza ni kaunta. Baba aliijenga mwenyewe nikiwa darasa la tatu: kipande cha baa ndani ya nyumba, mbao za mninga, rafu mbili za chupa, stuli tatu. Jumapili asubuhi alikuwa kanisani na tai yake, jioni alikuwa nyuma ya kaunta akiwamiminia rafiki zake mvinyo wa zabibu za Hombolo. Kabla ya kumpa mtu, aliinama kidogo na glasi yake ikapotea chini kwa muda. Utoto wangu wote niliamini anaisuuza.

Mwaka mzima na nusu niliiona stuli yake ikiwa imesogezwa nyuma kidogo, vile alivyoiacha, na hakuna aliyethubutu kuirudisha. Nikachoka. Mimi ni mtu wa ofisini, kazi yangu ni mafaili na vikao, lakini nilikuwa nimeangalia video nyingi sana za watu wanaojikarabatia nyumba zao, nikajiona fundi. Niliazimia kuifanya ile kona upya kwa mikono yangu, iwe ya kupendeza, isifanane na yake, ili mama aingie ndani ya nyumba yake. Sikutaka kingine.

Kazi ilinichukua miezi mitatu ya Jumamosi. Nilibandua vanishi ya zamani kwa msasa mpaka mabega yakawaka moto. Pale alipozoea kuegemeza viwiko palikuwa na mabonde mawili, na kila nilipopiga msasa yalizidi kuonekana. Nilipoyawekea viwiko vyangu yalinienea barabara. Niliondoka upesi nikaenda kunywa maji, na siku ile sikurudi.

Nyuma ya kaunta, sakafuni, nikakuta duara lisilo na saruji, upana wa sahani ya wali, udongo mtupu. Nilicheka. Nikasema mzee alimpunja fundi wake, au saruji ilimwishia akaona aibu kuomba nyingine. Nikaliziba kwa zege, nikatandika marumaru juu yake, nyeupe zenye mistari ya kijivu. Nikafunga na taa ndogo chini ya rafu. Kusema kweli ilipendeza.

Marumaru moja haikushika. Ilikuwa ile ya juu ya duara. Nikiikanyaga ilitoa mlio wa kitu kitupu, na asubuhi yake nikaikuta imenyanyuka upande. Niliibandika tena. Ikanyanyuka tena. Mara ya tatu niliweka tofali mbili juu yake siku nzima, na nilipoziondoa ikafuatana nazo. Fundi wa mtaani alinieleza kwamba udongo wa chini ulikuwa haujashindiliwa, zege limetitia. Ni maelezo mazuri na nayaamini hadi leo. Ila kuanzia hapo sikupenda kuipa mgongo ile kona, na nilipokuwa peke yangu sebuleni nilijikuta nakohoa kabla ya kuingia, kama mtu anayepita mbele ya mkubwa.

Jumamosi moja mchana nilimwita mama aje kuona. Alisimama kizingitini, akasifu taa, akasifu mbao. Kisha akauliza lile shimo la nyuma nimelifanyaje. Nikajibu kwa fahari kwamba nimeliziba.

Akasema taratibu, "Sasa baba yako atanywea wapi?"

Nikahisi baridi mgongoni na Dodoma nzima inaungua jua. Akanieleza pale pale mlangoni. Baba aliacha duara lile makusudi siku ya kumwaga sakafu, kwa sababu saruji hainywi. Tone la kwanza lilikuwa la baba yake na babu yake, na mchungaji hakuambiwa. Tangu tumzike hakuna aliyemimina. Mama hakuweza, yeye si wa ukoo wao. Uliotakiwa ni mkono wa mtoto, na mtoto ni mimi. Hakuniambia kwa kuwa alijua nitamcheka na usomi wangu. Ndiyo maana hakuweza kukaa mle. Alimwona mumewe anangoja na yeye hana la kumpa.

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nilichukua tindo na nyundo. Marumaru ilitoka bila kubishana. Zege lilinipa kazi mpaka kiganja kikachubuka. Udongo ulipotokea ulikuwa mkavu, vumbi tupu. Nikafungua chupa, nikainama vile alivyokuwa akiinama, nikaomba radhi kwa sauti. Nilimwambia sikujua. Mvinyo ukazama mara moja, na sakafu ikabaki kimya.

Nilipoinuka, mama alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti. Alivuta stuli ya katikati hadi nyuma ya kaunta, akaketi, akavua kandambili. Alilitazama lile duara kwa muda, uso wake umetulia, nikafurahi kupita kiasi. Nikamuuliza kama nimeweza.

"Umeweza," akasema. "Vizuri umepajua. Siku yangu ikifika, mimi nami nitakuja hapo hapo, na mkono utakuwa wako. Mimi usinipe mvinyo. Nipe chai, ya maziwa."

Akaanza kuniambia sukari kiasi gani. Miezi mitatu nilikuwa nimehangaika kumrudisha mama sebuleni. Sasa alikuwa ameketi, miguu peku juu ya marumaru zangu, na nilichotamani ni kumshika mkono nimtoe nje.