Shauri la Konokono wa Baharini

Nilikuwa mkalimani bomani Handeni wakati mkuu wa kituo, Mjerumani tuliyemwita Bwana Mkubwa, alipofungua shauri la konokono. Mimi mtu wa Kwaluguru. Bahari nilikuwa naisikia tu.

Mke wa askari mmoja, mzaliwa wa Tanga, alipita uani amevaa mkufu wa magamba ya baharini. Bwana Mkubwa akaazima gamba moja, dogo kama punje ya mahindi, akakaa nalo siku mbili na kitabu chake cha picha. Kitabuni walikuwamo konokono wawili waliofanana mno, mmoja mla majani, mwingine mla wenzake. Aliposhindwa kuwatofautisha, aliamua jambo lisikilizwe barazani, kwa kiapo.

Wazee wawili wa Mazingara walikuwa wamekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba. Wakaambiwa watoe kwanza ushahidi wa konokono.

"Bwana anauliza, huyu anakula nini?" nikatafsiri.

Mzee wa kwanza aliligeuza gamba kiganjani. "Mwambie huyu hali kitu. Amekufa."

Bwana Mkubwa akaandika. Wa pili alisema anakula chochote Bwana atakachopenda. Hilo nalo likaandikwa.

Ndipo akaitwa yule mama wa Tanga. Aliuelekeza mdomo wa gamba kwenye mwanga.

"Wale wala majani tuliowazoea, mdomo wao ni duara zima," alisema. "Huyu hapa chini ana mfereji. Ndipo anapotolea mrija wa kunusia windo. Huyu hutoboa gamba la mwenzake, akamla humohumo ndani."

Bwana Mkubwa alisema shahidi mmoja hatoshi. Akaandika barua Tanga, nami nikatumwa Korogwe kupokea jibu lililokuja kwa garimoshi: debe la maji ya bahari, lenye konokono wanne wa aina ile na chaza wadogo kumi, wote hai. Hivyo ndivyo nilivyoiona bahari mara ya kwanza, stesheni ya Korogwe, ndani ya debe la mafuta ya taa. Nilichovya kidole nikaonja. Mpagazi akaniuliza kama imekolea.

Tulitembea siku tatu. Siku ya pili lilianza kunuka, na wapagazi wakawa wanagombea kutangulia, kila mmoja akikataa kubaki nyuma ya debe. Tulipofika Handeni hakuna kilichokuwa hai. Lakini chaza saba walikuwa na tundu moja moja, safi kama la sindano.

"Haya," alisema yule mama, akarudi kwake kupika.

Bwana Mkubwa aliandika hukumu kwamba konokono huyu ni mla wenzake, akaipiga muhuri, nami nikaisoma barazani. Wale wazee wakauliza kama sasa ni zamu ya mpaka. Wakaambiwa waje wiki ijayo.

Akida, msimamizi wa vijiji kwa niaba ya boma, hakuwapo siku ile. Habari ilimfikia nusu, akatangaza konokono wote wamehukumiwa na waletwe bomani. Watu wa Chanika wakaleta wa mashambani, vikapu kwa vikapu. Konokono hao walitoroka uani, wakaingia bustanini, wakamaliza kabichi za Bwana Mkubwa.

Nilitumwa kumuuliza akida nani aliyetoa amri ile. Alinikaribisha kiti, akajibu kwa heshima kabisa kwamba ni mimi, na mashahidi anao.