Nilikwenda Kampala peke yangu ili nipewe muke, nikarudi nikamugonga baba mukwe

Wakuu, salamu kwenu.

Nawaita wakuu kwa heshima ya jukwaa tu, maana nikiangalia mnavyoandika, wengi wenu ni wajukuu zangu. Mimi niko Goma, mwaka huu naelekea tisini, na naandika kwa kidole kimoja. Herufi zikinikimbia mtanivumilia. Habari yenyewe sijaitia chumvi. Chumvi daktari amenikataza.

Wiki iliyopita nilisoma humu uzi wa kijana aliyekwenda Dubai peke yake siku chache. Amerudi anasema amejitambua, amekua, sasa ni mutu mupya. Comments zilikuwa nyingi, watu wanamupongeza.

Nikasema, hata mimi niliwahi kwenda nje ya inchi peke yangu, tena kwa muda mrefu, na hakuna mutu aliyenipa like hata moja. Acha niandike.

Hii ni ya miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Goma ilikuwa ndogo, ukipiga chafya Birere wanakujibu huku chini kwenye ziwa. Sisi ni Waislamu, wazee wetu walitoka Maniema kwa ajili ya biashara. Mimi nilikuwa kijana wa nyumbani. Nakula kwa mama, nalala kwa mama, shati langu linafuliwa na mama. Sikuona ubaya wowote.

Kisha nikamupenda Zaituni.

Zaituni alikuwa binti ya Muzee Ramazani, dereva wa camion, lori kubwa, aliyekuwa anatembea njia ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Tulikuwa tunasalimiana kwenye bomba la maji. Yeye alikuwa anacheka kila nikiongea, na mimi sikuwa naongea kitu cha kuchekesha. Nikaona hapa ni fasi yangu, mahali pangu.

Nikatuma wajomba zangu kupeleka posa. Muzee akawapa chai, akawasikiliza, akasema mimi nije mwenyewe.

Nikaenda. Aliniuliza swali moja tu.

"Umeshalala fasi gani yenye mama yako hayuko?"

Nikamuambia Gisenyi, kwa rafiki.

"Gisenyi mama yako akiita chakula unasikia."

Wakuu, kwa wasiojua, Gisenyi iko ng'ambo ya mupaka, lakini kutoka kwetu unatembea kwa miguu na sandali hazipati vumbi.

Binti yake mukubwa alikuwa ameolewa na mwanaume ambaye, muke akigonjwa, anakimbilia kwa mama yake kula. Muke akijifungua, yeye yuko kwa mama. Mwishowe dada yule akarudi kwa baba na watoto wake na masanduku. Kwa hiyo Muzee alikuwa na uchungu wake, na mimi nilikuja wakati uchungu bado mubichi.

Akaniambia, nenda Uganda, inchi yenye hawajui baba yako. Kaa peke yako. Ujipikie, ujifulie, ugonjwe ujiuguze. Ukirudi tutaongea. Akaongeza kwamba anajua nina shangazi Kampala, na nikikaa kwake nisijisumbue kurudi.

Mama yangu alilia. Baba alisema Ramazani ni kichwa ngumu lakini hajakosea. Ruhusa ya Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, wakati ule hukutoka tu kama mbuzi. Nikapanda camion mpaka Rutshuru, nyingine mpaka Bunagana, nikavuka.

Kampala nilipata kazi kwa Muhindi mmoja wa kutengeneza baiskeli, na chumba Katwe, nyuma ya nyumba ya Muganda mmoja mupole.

Sasa sikilizeni siku ya kwanza.

Nilinunua unga, nikawasha makaa, nikapika bugali. Kupika nilikuwa sijawahi, lakini kuangalia nilikuwa nimeangalia sana. Tatizo ni kwamba niliyemuangalia ni mama, na mama anapikia nyumba nzima, na jirani, na mupita njia ambaye hajajulikana bado. Kwetu sinia ikitoka mutu asikose fasi ya kutia mukono. Basi nikapika vile vile. Sufuria ilijaa.

Nikakaa mbele yake. Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nani.

Nikawagawia majirani. Wale watu wanakula matoke, bugali wao wanaiita posho, na wanajua ni chakula cha shule na gereza. Wakaniuliza kwa upole nani kwetu amefungwa. Nilikula bugali ile ya baridi mpaka ikaanza kuniangalia vibaya.

Nilirudia kosa hilo siku nyingi. Kisha nikaokota kikopo cha maziwa, kile kidogo cha maziwa mazito, nikapima unga nacho. Kikopo kimoja, usawa wa mudomo. Nikashiba, na sufuria ikabaki tupu. Nilifurahi sana, kisha nikahuzunika, kwa sababu nilikuwa nimejua kipimo cha mutu mmoja.

Kuna mkuu atauliza kama kweli sikwenda kwa shangazi. Nilikwenda, siku ya Idi. Nilifika mpaka kwenye mulango wa uani. Nikasikia ndani wanaongea Kiswahili yetu, watoto wanapiga kelele, mutu anagombeza mutu juu ya pilau. Harufu ya ile pilau sitaisema. Nilijua nikiingia sitoki. Nikageuka, nikarudi Katwe, nikapika kikopo kimoja na maharagi, nikala nalia. Nalia kweli, makamasi na yote. Naandika kama ilivyokuwa.

Nilikaa miaka miwili na kitu. Nilijua kushona kifungo. Niligonjwa malaria nikajiuguza, na Muganda wangu alikuwa anapiga hodi asubuhi kuhakikisha kama niko bado. Nilijua Kiingereza ya spana na ya "good morning". Na mabaki ya pale kazini, fremu ya huku, gurudumu ya kule, nikajiungia baiskeli yangu mwenyewe. Kwetu tunaiita kinga. Rangi zake hazikupatana, lakini ilikwenda.

Nikaona nimekua. Nikafunga mizigo, kikopo changu ndani, nikarudi na baiskeli juu ya basi mpaka karibu na mupaka.

Pale Bunagana mutu wa douane, wa forodha, aliangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbuka, huku ni kuume."

Nikamujibu kwa ukali kidogo kwamba mimi ni mutoto wa hapa, siwezi kufundishwa barabara ya kwetu.

Wakuu, Uganda wanatembea kushoto. Kongo tunatembea kuume, wakati ule na leo. Nilijua hivyo. Kichwa kilijua. Miguu na mikono ilikuwa imekaa Kampala miaka miwili na hakuna mutu aliyeiambia kwamba tumevuka.

Barabara ilikuwa tupu. Rutshuru nilipita kushoto. Kibumba kushoto. Nililala Kibati kwa watu wema, asubuhi nikaoga, nikavaa shati jeupe na viatu, nikateremka kuelekea Goma kushoto, napiga kengele. Watu walikuwa wananiangalia sana. Nilidhani ni shati.

Karibu na kuingia mujini nikaona mutu anakuja na baiskeli yake, ametulia, upande wake wa kuume, yaani upande wangu wote mimi. Tukaangaliana. Mimi nikakwepa kama Kampala, kushoto zaidi. Yeye akakwepa kama Goma, kuume zaidi.

Kule kote ni fasi moja.

Tulipotoka kwenye mawe ya volcano, nikaona ni Muzee Ramazani. Alikuwa amekaa chini, ameshika mukono wake wa kuume kwa ule wa kushoto. Akainua kichwa.

"Njo wewe?" Yaani, ndiyo wewe?

"Njo mimi, Papa. Shikamoo."

Hakuitika shikamoo. Akasema, "Basi Uganda ulifika. Mutu wa hapa hawezi kunigonga upande huu."

Nilimupeleka lopitali kwa miguu, nasukuma baiskeli mbili. Mufupa ulikuwa umevunjika juu ya kiganja. Wakamufunga plâtre, ile plasta ngumu. Dereva wa camion, mukono wa kuume. Nilitamani ardhi ifunguke, na kwetu hiyo si maneno tu, ardhi inaweza.

Njiani kumurudisha nilijitetea. Nikamuonyesha viatu. Nikasema good morning. Akasema viatu vinauzwa, na Kiingereza hata kasuku inaweza. Kufika Kampala ameona. Kukaa peke yangu ndiyo hajaona, na shangazi yangu si mutu wa kufukuza mugeni. Nikamuapia kwa Mungu. Akasema nisimuingize Mungu kwenye maneno ya bugali.

Nikajua posa imekufa. Nimekaa miaka yote ile, na ushahidi wangu wote ni mukono wake uliovunjika.

Zaituni na mama yake hawakuwepo, walikuwa kwenye matanga huko Rutshuru. Yaani nilipita karibu nao bila kujua. Majirani wakaleta chakula, kama kawaida yetu. Muzee akakirudisha chote mulangoni.

"Huyu njo amenivunja mukono. Huyu njo atapika."

Basi nikaanza kupika uani kwa Muzee Ramazani, na shati langu jeupe lenye damu. Wanawake wa Birere walisimama kwenye uzio kuangalia mwanaume anasonga bugali. Mmoja alileta kiti.

Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikatoa kikopo changu kwenye mizigo, nikapima, nikasonga. Maharagi yalikuwepo. Nikatandika mukeka, nikaweka sinia mbele ya Muzee, nikanawa mikono.

Muzee akaangalia sinia. Katikati kulikuwa na kibonge kimoja, kama ngumi ya mutoto wa shule.

"Hii ni chakula ya nani?"

"Yetu, Papa."

Nilipokwisha kusema hivyo ndipo nikaiona. Wallahi nilikuwa sijaiona. Nilikuwa nimepika ya mutu mmoja, kwa sababu kwa muda wote ule hakukuwa na mutu mwingine. Nikamuambia Papa nisamehe, nimesahau kama tuko wawili.

Muzee akaomba kikopo. Nikamupa. Akakigeuza na mukono wake muzima, akaangalia ndani, akaangalia mudomo wake ulivyolika kwa kukwangua unga.

"Kwa shangazi yako hawapimi hivi," akasema.

Na mimi nikasema hapana, Papa, hawapimi hivi.

Sasa kukawa na shida nyingine. Mukono wa kuume uko kwenye plâtre, na Muzee hakuwa mutu wa kula na wa kushoto hata ungemupiga. Alikaa tu, anangoja. Ikabidi nimege, nichovye, nimulishe. Mutu mukubwa vile, anafungua kinywa, na wanawake wa Birere wako kwenye uzio. Nikamulisha tonge la kwanza. La pili. Nilipoleta la tatu akafunga kinywa.

"Sasa wewe."

Tukala hivyo, yeye moja, mimi moja, mpaka kibonge kikaisha. Hakuna aliyeshiba. Nikasonga kingine.

Zaituni aliporudi alinikuta nafua kanzu ya baba yake. Akacheka mpaka akakaa chini. Posa ilipokelewa mwezi ule ule, kwa sharti kwamba siku ya ndoa nije kwa miguu.

UPDATE: Naona mkuu mmoja ameuliza kama mukono ulipona. Ulipona, na aliendesha tena. Lakini kila tukipishana njiani alikuwa anashuka kwenye baiskeli na kusimama mpaka nipite.

Sasa somo, maana najua mnalingoja.

Kijana wa Dubai anasema safari ya peke yako inakufanya mutu mupya. Mimi sijui. Nilirudi yule yule, na mwendo mubaya zaidi barabarani. Nilichojifunza ni kupima unga. Na niliporudi ndiyo nikajua kwamba nilijifunza ili nipate kuacha. Zaituni alipoona kile kikopo wiki ya kwanza ya ndoa, alikichukua akakifanya cha kuwapa kuku maji. Akasema katika nyumba yake hakuna chakula cha ngumi moja. Na hakikuwepo, kweli. Watoto wamekula, majirani wamekula, wakimbizi wamekula, wapita njia wasiojulikana wamekula.

Mwaka jana tulimuzika Zaituni.

Watoto wanataka nihamie kwao. Nimewaambia kukaa peke yangu najua, nilikaa Kampala, babu yenu alikuwa shahidi. Wameniachia kwa masharti ya simu, ndiyo hii naandikia.

Lakini wakuu, juzi nilipika mwenyewe. Sufuria ikajaa. Nikakaa mbele yake nikangoja, kama siku ile ya Katwe. Jana tena, imejaa. Mikono haikumbuki, na kikopo kilikwisha kwenda na kuku wa zamani.

Naomba mchango wenu hapo chini, bila matusi. Mwenye anajua kipimo cha unga cha mutu mmoja, aniandikie.